Kofia Aliyoiacha Koko

Mdogo wangu Exaucé,

Sijamwambia mtu hili: mwaka huu nilishona suruali zilizopasuka na kutia viraka mashuka ya nyumba nzima ili nisiiguse kofia yako. Koko, bibi yetu, alikufa akiwa ameifuma nusu.

Huku Kisangani tu wazima. Wasalimie wote Yanonge.

Umeuliza mbona kofia imekaza juu na kulegea chini. Juu ni mkono wa Koko. Nilipoongeza mistari yangu, Mama alicheka: "Ruth, fumua yote! Mutoto avae kofia ya mikono mbili?"

Nikavuta uzi. Mistari yangu ikaisha, nikafika kitanzi cha mwisho cha Koko. Ningevuta zaidi, kazi yake ingebaki uzi mtupu. Nikalia. Kisha nikaingiza sindano kwenye kitanzi hicho, nikafuma kuteremka mpaka masikioni.

Dada yako,
Ruth