Nimeweka Spika, Mikono Imejaa Nazi

“Usiguse chungu cha harusi!” Nadjati shoga yangu, jirani yangu Kouraichia kanifokea hivyo mbele ya kijiji kizima cha Marodoka. “Una ugonjwa wa umalaya!” Nikamjibu, “Kwani wali napika kwa tumbo la uzazi?”

Kosa langu. Nesi kapiga simu, mikono imejaa nazi, nikaweka spika. Spika, shoga!

Majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi. Virusi vya HPV, vile vya kuambukizana kitandani, nilijua ninavyo. Sasa kipimo cha pili kimeona alama za kemikali kwenye jeni: seli huenda zinageuka. Si kwamba ni saratani, kasema, ila niende hospitali ya Mahajanga haraka nichunguzwe.

Huenda zinageuka! Wanangu nitamwachia nani?

Nikatoka nalia. Mama wa bibi harusi akanifuata, akanishika mkono uleule wenye nazi: “Rudi ndani, mwanangu. Utakula nami sinia moja.”