Goti Langu na Ngazi za Kyoto

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Sote hapa Amerat hatujambo, na babako anakusalimu. Umeniuliza kama kweli nnakwenda Japani na goti hili linaloniuma. Nnakwenda. Tuko wanane, na kiongozi mmoja wa kututembeza.

Nilipokuja huku Maskati kutoka Unguja, bibi harusi mpya, mawifi zangu walinichukua matembezi pwani ya Bustan. Kiarabu changu kilikuwa cha kubabaika, nikaona haya, nikasema nitawangojea garini na birika la kahawa. Walirudi nguo zimerowa maji ya bahari, wanacheka. Mpaka leo wakiyahadithia matembezi yale, mimi sina la kuongeza.

Sasa kila baada ya Alasiri napanda na kushuka ngazi za nyumba, hata babako akaniuliza nimepoteza nini huko juu.

Jana kiongozi alinipigia simu. Kwa adabu zake akaniambia kuwa hekalu la Kyoto lina ngazi nyingi, na watu wazima huwa wanangojea ndani ya basi.

Nikamwambia, "Mkoba wangu utangojea, mwanangu. Mimi ntapanda."

Liombee dua goti langu, nami naiombea mitihani yako.

Bibi yako