Matikiti Yaliyoguswa na Maji Machafu

Mume wangu Ferdinand,

Huku Mbagala tu wazima, na mama yako anakusalimu. Matikiti yamekubali, matamu kweli. Ila mvua ya juzi ilifurisha mtaro, maji machafu yakaingia upande mmoja wa shamba. Mnunuzi akasema, "Osheni tu, mnipakilie."

Nilikataa. Mama akanuna. "Si yana ganda?"

"Mama, kisu kinapita kwenye ganda kwanza, ndipo kinaingia ndani."

Nadhani alimkumbuka mwanetu Jesca, kipindupindu kilivyomchukua. Akashika jembe, tukayafukia pamoja yale yaliyoguswa na maji machafu. Ya upande mkavu tuliyaosha kwa maji ya bomba, tukayakausha, tukayapakia.

Jioni alipasua moja, akanipa kipande cha katikati. "Kula, mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo.

Mkeo akupendaye,
Flaviana