Nimelitapikia sweta la mama

Shoga, nimelitapikia sweta la marehemu mama.

Ndiyo, lile lile! Nililolifunga kwenye mfuko tangu mazishi, lisifuliwe, lisipoteze harufu yake.

Leo nimelifungua nimnuse kidogo, nimwambie nina mimba ya wiki saba. Harufu ikanipanda puani kama samaki aliyevunda. Harufu ya mama yangu mzazi! Nikatapika mpaka kwenye kola.

Wifi akaja mbio, akacheka. "Mimba changa haina adabu, wifi yangu. Mimi ilinifanya nimchukie mume, nikamhamishia sebuleni!"

Kisha akaona ni lile sweta, lilivyochafuka. Akaniuliza taratibu, "Nilifue, au tuliache?"

Shoga, harufu yenyewe haitarudi tena. Najua.

Nikaziba pua, nikamwambia fua. Mimi mwenyewe niliyekataza lisifuliwe. Nikamwambia, fua haraka.