Aliyetupiga Picha Kwenye Kioo cha Samaki

Mayfair, Johannesburg
Julai 2018

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako anayekuandikia huku amejifunga blanketi kiunoni, maana baridi ya huku mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Vipi miguu yako, imeacha kuvimba? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea bado ipo, au shemeji amejipaka yote mgongoni? Mimi mwili mzima. Sambusa zangu zinakwenda vizuri, na wale Wasomali wenye maduka hapa mtaani hawataki za mtu mwingine. Nisijisifu, lakini hata imamu akipata mgeni hutuma kwangu.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Wewe simu unaiweka spika, nikikohoa nyumba nzima inaniambia pole. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Nimempa mama mmoja wa Kasulu anayerudi nyumbani, atakukabidhi mkononi. Ndani ya bahasha kuna picha moja. Usiitazame bado.

Nilipokutumia zile picha za Dubai uliniuliza swali moja. Ulisema, "Umependeza, mdogo wangu, lakini mwanangu niliyekulelea yuko wapi? Umefika mpaka kwake, picha kumi na nne, hayumo hata moja." Nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao haukukatika, dada.

Nianze na uzuri, maana nao ni kweli. Baada ya umra tulipitia Dubai siku tatu, sisi kina mama wa darasa la dini la Ijumaa, wanawake tisa na masanduku yetu. Tuliupanda ule mnara unaoshinda yote duniani. Lifti yake inakwenda kama imerushwa, masikio yanaziba, na hujamaliza Alhamdu umeshafika. Ukichungulia chini magari ni kama punje za mtama. Chini yake kuna maji yanayocheza muziki, yanapanda, yanashuka, yanakata kiuno, mpaka Bi Zaituni wetu, yule Mrundi mshonaji, akayatunza kwa kuyapungia kanga. Tuliona kisiwa walichokimwagia mchanga wenyewe kikawa na umbo la mtende. Tuliingia soko la dhahabu, mikufu imening'inizwa kama vitunguu sokoni kwetu. Na ndani ya duka moja kuna theluji! Nje jua la kukaanga yai, ndani watu wamevaa makoti wanateleza. Mimi sikuingia huko. Nilisema baridi ninayo Johannesburg, siifuati tena Uarabuni.

Ukiniuliza kipi kinashinda vyote, nitakuambia ni kioo cha samaki. Kiko ndani ya duka jingine, chini ya ule mnara, ukuta mzima wa kioo, nyuma yake maji, na ndani ya maji papa na samaki wapana kama mikeka wanapita juu ya kichwa chako. Watu wanatoka nchi zote kuja kusimama pale na kushangaa tu.

Pale ndipo anapofanya kazi Idrisa.

Sasa nikuambie kosa lilipoanzia. Idrisa hajawahi kunidanganya. Aliniambia, "Mama, nimepata kazi kwenye jengo kubwa, upande wa samaki." Basi, hayo tu. Mengine niliyaongeza mimi, hapa jikoni kwangu, nikikunja sambusa. Mara ya kwanza niliwaambia kina mama kwamba anasimamia upande wa samaki. Wakasema mashallah. Lile mashallah lilikuwa tamu, dada, nikataka jingine. Wiki iliyofuata akawa meneja. Alipofikia kuwaamrisha Wazungu, darasa zima lilikuwa linaniita Mama Meneja, nami naitika kwa sauti. Unanijua. Ungekuwepo ungenifinya.

Na wewe pia nilikuambia hivyohivyo, ukawaambia majirani. Nisamehe.

Safari ilipopangwa nikamwandikia Idrisa kwamba nitakwenda kumwona kwake, mimi peke yangu, siku ya mwisho. Nilijua ninachokificha. Lakini yeye aliuliza ratiba yetu, akajua wageni wote lazima wafike kwenye kioo, akaomba abadilishiwe zamu ili anipokee.

Tulifika pale saa nne asubuhi. Kulikuwa na kijana juu ya ngazi fupi, anafuta alama za vidole zilizoachwa na watoto. Sare ya buluu, kitambaa begani. Nilimjua kwa kisogo kabla hajageuka. Kisogo hicho nimekinyoa mwenyewe, kabla sijakuachia umlee nikaja huku.

Akageuka. Dada, ule uso ulikuwa vilevile kama siku aliyokuja kutuambia amefaulu darasa la saba. Akashuka ngazi. Nyuma yake wenzake wawili, mmoja Mganda na mmoja mtu wa Nepali, walikuwa wameacha mifagio wanatutazama, wanacheka na kugusana viwiko. Alikuwa amewaambia. Walikuwa wanangoja kutambulishwa kwa mama.

Unajua ulivyomfunza. Akimwona mkubwa anainama, anaupokea mkono, anaubusu, hata akimkuta kwenye matope. Akaja hivyohivyo.

"Shikamoo, mama."

Mkono wake ukawa mbele yangu. Na wangu nao, dada, ulikuwa umeushika mkoba. Nikauleta na wa pili, nikaushika mkoba kwa yote miwili kama mtu aliyeona mwizi.

"Marahaba, baba," nikasema. "Wa wapi wewe?"

Nilimuuliza mwanangu ni wa wapi. Siku mbili tu nilikuwa nimetoka Makka, nimelia pale mpaka shela ikalowa, nikiomba Mungu anitunzie mtoto wangu.

Akanitazama. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaufuta kwenye suruali kana kwamba tangu mwanzo aliunyoosha kwa ajili hiyo.

"Wa Kigoma, mama. Ujiji."

Bi Zaituni akapiga kofi. "Eish! Wa kwenu huyu, Mama Meneja! Haya, si akuitie mwanao? Wewe kijana, kamwite bosi wako Idrisa, mwambie mama yake kafika!"

Kina mama wote wakacheka kwa furaha. Nami nikacheka. Nilicheka, dada.

Idrisa akanitazama tena, mara hii muda mrefu, nikaona anavyoelewa polepole. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Bosi leo hayupo, mama zangu," akasema. "Ametoka kidogo. Leteni simu niwapige picha, hapa ndipo pazuri."

Akatupanga, wafupi mbele, warefu nyuma. Akarudi hatua tatu. "Mama mwenye shela ya zambarau," akasema, "tazama huku, mama. Cheka kidogo."

Mwenye shela ya zambarau ni mimi.

Akarudisha simu, akasema karibuni tena, akapanda ngazi yake. Wale wenzake hawakucheka tena. Mganda aliinama akaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Alasiri nilimpigia simu, nikamwambia nakuja kwake. Akasema, "Usisumbuke, mama. Kazi zimebana." Kabla ya magharibi tukaambiwa kuna mzigo wangu mapokezi ya hoteli. Boksi la tende, shela yangu na shela yako, ile ya maua uliyoisifu. Alifika mpaka mapokezi, hakupanda juu. Kina mama wakasema, "Meneja ana shughuli, maskini, hata kumwona mama hana nafasi!" Nami nikawagawia tende.

Tangu hapo ananijibu kwa adabu zote, shikamoo mama, mzima mama, basi. Alikuwa ameniahidi kwamba akipata likizo atapita kwanza Johannesburg, alale kwangu wiki nzima, ale sambusa mpaka achoke. Juzi ameniandikia kwamba anakuja Ujiji moja kwa moja, kwa mama yake mkubwa. Huku kwangu hatafika. Hakusema kwa nini, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Ndipo swali lako likanirudia. Ijumaa iliyopita, darasa lilipokwisha na chai ikamiminwa, niliwaomba kina mama wanisikilize. Nikawaambia yote, mpaka ule mkoba. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa ya betri moja, nikashukuru hawanioni vizuri.

Bi Zaituni alianza kulia. "Na mimi ndiye niliyemtuma akamwite bosi wake! Nilimtuma akajiite mwenyewe!"

Mama Salha, yule wa Mombasa muuza udi, hakulia. Unajua mtu asiyekopesha maneno? Ndiye huyo. Akaweka kikombe chini.

"Mimi nilijua," akasema. "Jina alikuwa nalo kifuani, na kusoma najua. Na pua ile ni yako."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Mtoto wangu yule? Nilisema moyoni, huyu kashtuka tu, atatwambia tukifika hotelini. Tukafika hotelini. Tukafika uwanja wa ndege. Tukafika Mayfair. Nakungoja mpaka leo, bibi wee."

Kisha akatoa simu yake, akaikuza ile picha ya kwenye kioo kwa vidole, akaniletea usoni. "Tazama," akasema. Nikatazama. Jumamosi nikaenda kuisafisha, ndiyo hiyo iliyomo kwenye bahasha.

Dada, nimekata tiketi ya basi mpaka Dar es Salaam, kisha nitapanda treni. Nitafika Ujiji siku mbili kabla yake. Nakuomba usimwambie, asije akaghairi. Siku atakapoingia, najua wewe ndiye wa kutoka kumpokea, na ni haki yako, umemlea. Lakini siku hiyo niachie mlango. Nataka nitoke mimi kwanza, majirani wote wakiwa wanatazama, mkono nimeunyoosha na sijashika kitu kingine chochote. Akiupokea, alhamdulillahi. Asipoupokea usimkemee. Mkono huo yeye aliutafuta kabla yangu.

Nisalimie shemeji na mgongo wake. Nisalimie bibi muuza dagaa wa nyumba ya tatu, na yule mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Idrisa kusoma, na wifi zangu wote. Na wote uliowaambia kwa maneno yangu kwamba Idrisa ni meneja, waambie kwa maneno yangu vilevile kwamba anafuta kioo. Ila usisahau kuwaambia ukubwa wake. Kinaushinda msikiti wetu kwa urefu, dada, si uongo, hili nimeliona kwa macho, na pale alipopita yeye hakuna alama hata ya kidole.

Sasa itoe picha. Tuko tisa, wote tumetazama mbele, isipokuwa mwenye shela ya zambarau ametazama chini. Usihangaike na sisi. Tazama juu ya bega la Mama Salha, karibu na yule samaki mpana, kwenye kioo chenyewe. Kimesafishwa kikang'aa mpaka kimemchukua aliyetupiga picha, na kitambaa chake begani.

Uliniuliza yuko wapi. Yupo hapo.

Mdogo wako akupendaye,
Mama yake Idrisa