Ndege Nayo Haikati Kona Bure

Kwako kaka Festo, mwenye mapaja magumu kuliko chuma cha baiskeli yake,

Nikusalimie kwanza wewe, halafu na mgongo wako, maana msimu wa mahindi ndiyo huu na kupumzika hujui. Mama kifua kimemwachia? Shemeji bado anakuvumilia? Mimi hapa Lusaka nakula, nalala, nanenepa. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu hukatika kabla sijafika kwenye sifa zangu, na safari hii sifa ni nyingi. Kuna dereva anakuja na lori Tunduma, ndiye aliyekubali kukuletea barua hii.

Kaka, mdogo wako ni rubani. Usicheke kwanza.

Pale kwenye duka la intaneti la bosi wangu Ba Mulenga, yaani Bwana Mulenga kwa lugha ya huku, ninakofagia na kuwasha kompyuta, bosi alileta mchezo mpya wa ndege za vita. Unapigana mtandaoni na watu kabisa, Mrusi, Mjerumani, yeye kakaa kwao na wewe umekaa kwako. Kwenye mchezo wa zamani ndege iligeuka kama nzi na mwendo haukupungua hata kidogo. Huu mpya hautaki masihara. Ukivuta kona kali mwendo unaisha, ndege inatetemeka, inadondoka kama pera bovu. Wateja wakasema mchezo mbovu. Mimi, fundi mkuu niliyeishia darasa la sita, nikamwambia bosi kwamba mchezo una virusi. Akaufuta, akauweka upya. Tukadondoka vilevile.

Wateja wakaanza kuhama. Mara akaja Chanda, mpwa wa bosi, naye anataka kazi, rika langu na mdomo kama wangu. Ba Mulenga akatuambia duka halina ugali wa vijana wawili. Jumamosi tupigane wenyewe kwa wenyewe, atakayeujua mchezo abaki kufundisha wateja, mwingine afunge mzigo. Kaka, nilianza kukunja shuka.

Katika kudondoka kwangu nikaikumbuka barabara ya Mlowo, gunia nyuma. Wewe kwenye mteremko ulikuwa unaiachia baiskeli, umenyooka, breki hugusi. Mimi nakata kona huku na huku ili mabinti wanaochuma kahawa wanione. Tukifika mlima unaofuata, wewe unapita na mluzi wako, mimi nasukuma kwa miguu, ulimi nje. Siku moja ukanigeukia ukasema, "Mwendo ni mali, bwana mdogo. Umeugawa bure kule chini, sasa sukuma."

Kumbe na ndege ni baiskeli tu. Ukipanda juu umejiwekea mteremko. Ukishuka unapata mwendo, na mwendo huohuo ndio unaokurudisha juu. Ukiumaliza kwenye kona utasukuma, na angani hakuna pa kukanyaga.

Jumamosi duka likajaa. Nikapanda taratibu, mbali kabisa, Chanda anazunguka chini ananitafuta. Wakanizomea kwamba Mtanzania anakimbilia mpakani. Nikamshukia kama mwewe, nikapiga, nikakosa. Zamani ningegeuka kumfuata. Mkono uliniwasha, kaka, lakini nikauzuia, nikanyoosha, nikapanda tena. Yeye kwa hasira akainua pua ya ndege anifuate, na mwendo alishaugawa wote kwenye kona zake. Ndege ikaning'inia pale kama nguo kwenye kamba. Nikarudi, nikamaliza.

Bosi akauliza nimefundishwa na nani. Nikamjibu, "Kaka yangu. Anabeba mahindi kwa baiskeli." Duka zima likacheka. Chanda hakucheka. Alivuta kiti akasema, "Basi nionyeshe alivyokuonyesha." Nikamwonyesha. Sasa yuko Kabwe kwa shangazi yake, na tunapigana mtandaoni. Ameanza kunisumbua, ila hilo usimwambie mtu.

Nimejisifu vya kutosha, sasa neno moja lisilo na utani: ahsante. Pale kwenye kile kilima nilikununia mpaka Mlowo, kumbe ulikuwa unanilisha chakula cha huku.

Msalimie mama, aliyeniombea bila hata kujua naombewa nini. Msalimie bibi, bingwa wa kunisema kila nikipitiwa na usingizi kanisani, na dada Neema, mshonaji wa Vwawa, mwambie suruali aliyonishonea bado haijachanika. Shemeji msalimie mara mbili, kwa uvumilivu.

Na baiskeli yangu uliyoitundika ili nikishindwa nirudie magunia, ishushe. Mpe shemeji aendee sokoni.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki kazini,
Yona