Sultani Hakuinua Kichwa

Mpendwa Baba,

Nilipoteza sauti yako mavuno ya miaka mitatu iliyopita, na wiki hiyohiyo nikakupoteza wewe. Nimemwomba mchungaji aisome barua hii mbele ya kanisa lote. Wewe husomi, na mimi nimechoka na mambo ya pembeni.

Unakumbuka gari la mahindi kutoka Chepsaita mpaka stesheni ya Eldoret? Ng'ombe kumi na sita, jozi nane, na wewe ukiwaita wote kwa majina kwa pumzi moja, kuanzia Sultani wa mbele. Mjeledi ulikuwa pambo tu. Nikiwa mtoto nililala juu ya magunia, na nilijua tumefika mtoni kwa jinsi ulivyoishusha sauti.

Halafu ikaanza kukwaruza ikifika jioni. Mwaka uliofuata ikawa nyembamba, ikitetemeka, na pumzi ikikuishia jozi ya tano. Mama alisema umerogwa. Mimi nikafunga karakana yangu ya useremala nikakupeleka hospitali ya misheni kule Plateau. Daktari aliingiza kioo kidogo kooni, akasema hakuna ugonjwa. Ndani mna nyuzi mbili zinazokutana ili sauti itoke, na kwa uzee zako zimekonda, misuli imelegea, hazifungi tena sawasawa. Pumzi inavuja katikati. Nilimwelewa upesi. Mbao zikikauka, mlango huacha upenyo, na hakuna anayesema mlango umerogwa.

Akaongeza kwamba uzeeni sauti ya mwanamume huweza kupanda na ya mwanamke kushuka. Mama, ambaye yake ilishakuwa nzito, akasema, "Basi Mzee, tumebadilishana. Kesho wewe upike ugali." Ulicheka mpaka ukakohoa. Sijakusikia ukicheka tena.

Kwa sababu ilikuja ile asubuhi. Uliita, "Sultani," ikakatika katikati. Sultani hakuinua kichwa. Ukaita tena. Wekesa, uliyemfundisha kazi mwenyewe, akauliza, "Nani ameleta bibi yake hapa?" Watu wakacheka. Kaburu mwenye shamba akautoa mjeledi mkononi mwako akampa Wekesa. Na wewe uliyemtumikia tangu sijaota meno ukafunga mzigo, ukamchukua Mama, mkarudi kwetu Bunyore. Habari nilizipata kwa majirani. Eldoret nina nyumba ya vyumba vitatu, Baba, na kimoja nilikijenga kwa ajili yenu. Hukupita hata kuniaga.

Mama anatuma salamu kwamba huko unaongea kwa mikono. Haya, nilivumilia. Lakini sasa binti yangu Rasoa anaolewa, na umetuma ujumbe kwamba kaka yako ndiye atakayesimama mlangoni badala yako. Kwetu binti haondoki kabla babu yake hajataja majina ya waliotutangulia, mmoja mmoja, na kumwombea. Ni babu yake, Baba, si jirani mwenye koo zuri. Rasoa aliniuliza, "Kwani Babu amenikasirikia?" Ndipo nikaketi kuandika barua hii.

Umenihesabu pamoja na Kaburu, na hiyo ndiyo inaniuma. Sultani alikuwa mbali na alikuwa ng'ombe. Mimi nitakaa karibu. Sauti ikitetemeka, acha itetemeke. Pumzi ikiisha kwa jina la tatu, vuta nyingine, tutangoja. Anayetaka kucheka atacheka akiwa nje ya ua wangu.

Jumatano saa sita mchana lori la mahindi litasimama hapo kanisani likirudi Eldoret, na nafasi mbili za mbele nimeshalipia. Ukipanda, vizuri. Usipopanda, dereva atakuja kwako mwenyewe, si kwa Mama wala kwa kaka yako, na atangoja akusikie ukisema. Usimpungie mkono.

Unakuja, au huji?

Ni mimi ninayeikosa sauti yako, hata hiyo iliyobaki,
Kifungua mimba wako